Fundi Anajibu: Chuma, Chumvi na Kazi ya Kupiga Mchanga

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Unguja na Pemba zinahusu jambo moja, nalo ni kukisafisha chuma kwa chembe zinazopulizwa na upepo wa kompresa kabla ya kukipaka rangi, kazi ambayo mafundi wetu huiita kupiga mchanga hata pale ambapo mchanga wenyewe haumo. Tumechagua sita na kuzifupisha bila ya kubadilisha maana.

*Assalaamu alaykum, Fundi. Nina karakana ya kuchomea vyuma, na nimepewa kazi ya kusafisha na kupaka rangi tishali dogo la chuma. Mwenye tishali hataki gharama ya kuagiza chembe kutoka Dar es Salaam. Anasema mchanga wa pwani upo bure na kompresa tunaweza kukodi. Je, mchanga huo hautafaa angalau kwa kazi hii moja?*
Mchomeaji vyuma, Mkokotoni

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hautafaa, na sababu ni tatu, ambazo kila moja peke yake ingetosha kuukataa.

Ya kwanza ni ugumu. Mchanga mweupe wa fukwe zetu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsiamu kaboneti, ambayo katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini huwa baina ya 3 na 4, wakati kwarizi, yaani madini ya silika yaliyomo katika mchanga wa kawaida, ni 7 na ganeti, jiwe gumu linalosagwa kwa kazi hizi, ni baina ya 6.5 na 7.5. Chembe laini ikigonga bamba kwa kasi huvunjika yenyewe ikawa unga. Itaondoa kutu iliyolegea na rangi iliyokwisha kuachia, lakini haitauondoa ule ukoko mgumu wa rangi ya buluu nyeusi unaobaki juu ya bamba tangu lilipopitishwa motoni kiwandani, wala haitachimba vilele na mabonde madogo ambayo rangi huyashikilia. Utaona chuma kimekuwa cheupe, utadhani kimesafika, kumbe weupe ule ni vumbi la chokaa.

Ya pili ni chumvi. Mchanga wa ufukweni huoga maji ya bahari kila yanapojaa, na chembe zake zikigonga bamba huiacha chumvi hiyo juu ya chuma na kuipigilia ndani ya vishimo vya kutu. Wapo wanaosema wataukosha kwanza na kuuanika. Kukosha tani za mchanga mpaka chumvi iishe kunataka maji matamu mengi kuliko ambayo karakana ya kawaida huweza kuyapata, na baada ya taabu yote hiyo utabaki na chembe laini ile ile.

Ya tatu ndiyo nzito. Huenda mwenye tishali atakuambia basi chukua mchanga wa kujengea unaochimbwa mashamba, ambao ni mgumu zaidi. Ugumu wake unatokana na kwarizi, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kwarizi inapovunjika kwa kasi ile hutoa vumbi laini la silika ambalo hufika chini kabisa ya mapafu, likabaki huko na kuyatia makovu. Maradhi hayo huitwa silikosisi. Hayana tiba ya kuyaondoa, huweza kuendelea hata mtu akiiacha kazi, na humfanya aliyeyapata awe mwepesi wa kupatwa na kifua kikuu. Tangu Mmarekani Benjamin Chew Tilghman apate hataza ya njia hii mwaka 1870, mchanga wa kawaida ulitumika kwa miongo mingi, na waliougua ni wengi. Uingereza iliupiga marufuku katika kazi hizi mwaka 1949; taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini ilipendekeza mwaka 1974 kwamba usitumike; na mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sioni sababu ya sisi kuanza pale walipoachia wenzetu.

Kwa tishali lako ningechukua ganeti ya wavu 30/60, yaani chembe zinazopita katika wavu wa matundu 30 kwa inchi na kunaswa na wa matundu 60. Ni nzito, ina kingo kali, vumbi lake ni dogo, na huchimba mabonde ya kina cha mikroni 50 hadi 75 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja), kina kinachozifaa rangi nyingi za epoksi, yaani rangi ngumu za kuchanganya sehemu mbili, zinazotumika katika vyombo vya baharini. Zile chembe nyeusi zinazotokana na taka za kuyeyushia shaba huwa rahisi kwa bei na hukata vizuri, ila huvunjika haraka, kwa kawaida hutumika mara moja tu, na baadhi yake huwa na aseniki na beriliamu, ambazo ni sumu, kwa kiasi kidogo. Chembe za chuma hurudi kazini mara mia na zaidi, lakini hizo ni za chumba kilichofungwa ambamo hukusanywa zote. Ukizimwaga juu ya ufukwe umezipoteza, na zikikaa katika hewa yetu hushika kutu na kugandana ndani ya tangi la kupulizia.

Bei ya ganeti itamshtua mwenye chombo. Mwoneshe kwamba fedha nyingi za kazi hii huenda katika dizeli ya kompresa na ujira wa mafundi, na kwamba chembe kali humaliza eneo lile lile kwa muda mfupi zaidi. Tandika maturubai mazima chini ya tishali. Ganeti iliyokusanywa kavu na kuchungwa kwa wavu hurudi kazini mara kadhaa, mradi isichanganyike na mchanga wa pwani. Kabla ya kuwasha kompresa, futa mafuta na grisi yote kwa sabuni ya kuondolea mafuta na maji matamu, kwa sababu chembe haziondoi mafuta bali huyatandaza. Kisha uparue matone yote ya kuchomelea na uzizungushe kingo kali kwa grinda, maana rangi haikai juu ya kingo kali kama wembe. Wewe ni mchomeaji, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo utaifanya vizuri kuliko mpaka rangi yeyote.

*Fundi, mimi ni mwalimu. Karibu na skuli yetu kuna watu wanapiga mchanga maboti ya chuma, na vumbi lake linaingia madarasani. Wafanyakazi wenyewe wamejifunga vitambaa tu usoni. Je, lina madhara kwa watoto, na tuwaambie nini?*
Mwalimu, Mkoani

Mwalimu, shikamoo. Vumbi hilo lina madhara, na lile unaloliona si lenyewe baya zaidi. Chembe ambazo jicho huziona huanguka karibu au hunaswa puani. Zile zisizozidi mikroni chache ndizo zinazoelea, zikaingia madirishani na kufika ndani ya mapafu. Humo mna chembe zilizovunjika pamoja na rangi ya zamani ya boti. Rangi za chini ya maji hutengenezwa kwa sumu ili viumbe vya baharini visishike. Nyingi zina shaba, na za zamani zilikuwa na misombo ya bati ambayo mkataba wa kimataifa ulioanza kufanya kazi mwaka 2008 uliizuia. Rangi za zamani za kuzuia kutu nazo aghalabu zilikuwa na risasi, na risasi huwadhuru watoto zaidi kuliko watu wazima.

Waambieni mambo manne: wauache mchanga, wazungushe maturubai, wasipulize wakati wa masomo, na wasipulize upepo unapoelekea skuli. Pia zipo njia za kuchanganya chembe na maji ambazo hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa mno. Kuhusu wale wafanyakazi, kitambaa hakiwalindi kwa lolote. Anayeshika nozeli, yaani mdomo wa mpira unaotema chembe, anahitaji kofia maalumu inayofunika kichwa na mabega na kuletewa hewa safi kwa mpira wake mwenyewe, iliyochujwa, na msaidizi anayejaza tangi anahitaji kinga ya kupumulia pia, kwa kuwa yeye husimama ndani ya wingu lile lile.

*Mpendwa Fundi, mimi ni msimamizi wa matengenezo katika hoteli. Tuna tangi la maji la chuma juu ya mnara. Mwaka jana mkandarasi alilipiga mchanga nje, likang'aa kabisa, akatuonesha kwamba limefikia Sa 2½, akapaka epoksi tabaka tatu. Baada ya masika moja rangi imeota malengelenge na kutu inachirizika. Mkandarasi anasema rangi ilikuwa mbovu. Muuzaji wa rangi anasema mkandarasi hakusafisha. Nani mkweli?*
Msimamizi, Jambiani

Bwana Msimamizi, inawezekana wote wawili wamesema kweli kwa kadiri ya walivyoona, kwa sababu kinacholeta malengelenge katika mwambao wenu aghalabu hakionekani kwa macho.

Sa 2½ ni daraja katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988 kwa kufuata picha za Uswidi za miaka ya nyuma. Kwanza hutazamwa hali ya chuma kabla ya kazi, kuanzia A, ambayo ni bamba jipya lenye ukoko wake, mpaka D, ambayo ni chuma kilicholiwa vishimo kila mahali. Kisha hutazamwa usafi uliofikiwa: Sa 1 ni kupuliza kidogo tu, Sa 2 ni kwa kina, Sa 2½ ni pale ambapo kilichobaki ni madoa hafifu ya nukta au mistari, na Sa 3 ni chuma cheupe kitupu. Daraja zote hizo hupimwa kwa jicho, na chumvi haina rangi. Tangi lenu huenda lilikuwa la daraja C au D. Ndani ya vishimo vya kutu hujificha chumvi za kloraidi zilizokwisha kushikana na chuma, na chembe kavu zikipita juu hung'arisha midomo ya vishimo na kuiacha chumvi pale chini. Rangi ikipakwa juu yake huonekana nzuri. Lakini hakuna rangi isiyopitisha unyevu kabisa. Chumvi iliyo chini huyavuta maji kupitia utando wa rangi, maji hukusanyika, utando huinuka, na ndani ya lile lengelenge chuma huanza kuliwa upya.

Unaweza kuanza uchunguzi leo kwa kisu. Chagua lengelenge lisilopasuka, ulikate taratibu, utazame. Likitoa maji na chuma chake kikawa cheusi, shuku chumvi. Likiwa kavu, na mgongo wa kile kipande cha rangi ukawa na unga wa kijivu, basi mpaka rangi hakupangusa vumbi la chembe. Na ikiwa rangi imebanduka kipande kizima, mgongo wake laini na safi, basi ama chuma hakikuchimbwa mabonde ya kutosha ama rangi ilipakwa juu ya umande.

Kipimo chenyewe cha chumvi si cha maabara kubwa. Hubandikwa kiraka kidogo chenye gundi juu ya chuma kilichokwisha kusafishwa, huingizwa maji safi yasiyo na chumvi kwa bomba la sindano, huvutwa na kurudishwa mara kadhaa ili yaikoshe sehemu ile, kisha hupimwa namna maji hayo yanavyopitisha umeme. Mikataba mingi ya kazi za rangi huweka kikomo baina ya miligramu 20 na 50 za kloraidi kwa mita moja ya mraba, na kwa chuma kinachokaa majini hubana zaidi. Hata asiyekuwa na kifaa ana dalili yake. Chuma kilichopulizwa jioni kikilala hivyo hivyo, ikifika asubuhi vishimo vyenye chumvi huwa vimegeuka vyeusi au vya rangi ya kahawia, vidoa vidogo vidogo vyenye unyevu, hali ya kuwa chuma kinachovizunguka bado kina rangi yake ya kijivu. Penye madoa hayo hakuna dawa isipokuwa kukosha kwa maji ya shindo, kukausha na kupuliza tena, na pengine kurudia.

Na maji ya kukoshea yawe matamu kweli. Visima vingi vya mwambao wa mashariki huingiliwa na maji ya bahari, na ukikosha chuma kwa maji ya kisima cha namna hiyo utakuwa unaipaka chumvi ile ile uliyokusudia kuiondoa. Tumieni maji ya mvua mliyoyakinga, au mnunue ya gari kutoka chanzo kisicho na chumvi. Utaratibu uwe kukosha kabla ya kupuliza, na kukosha tena baada ya kupuliza pale kipimo kinapokataa.

Jambo la pili ni umande, na hapa ningependa kumuuliza mkandarasi wenu swali moja: tangi lilikuwa na maji wakati wa kupaka? Kanuni inayofuatwa ni kwamba joto la chuma lizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi, na unyevu wa hewani usizidi asilimia 85. Chukua siku ya kawaida ya Jambiani, hewa ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Umande wa hewa hiyo huanza kuganda penye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo chuma kinatakiwa kisipungue nyuzi 29. Tangi lililojaa maji ya nyuzi 27 litakuwa na ngozi ya nyuzi 27, na hapo hairuhusiwi kupaka hata kama jua ni kali na kila kitu kinaonekana kikavu. Mteremko wa chini wa tangi, ule uliopo kivulini, ndio unaodanganya zaidi. Basi mulitoe maji siku moja kabla, na mununue kipimajoto cha kubandika kwenye chuma pamoja na kipimo cha unyevu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ndoo moja ya epoksi. Asubuhi mapema msipake, kwa kuwa usiku chuma kilicho wazi chini ya mbingu hupoa kuliko hewa yenyewe.

Kuhusu msimu, masika muyaache kabisa. Kipupwe, baina ya Juni na Agosti, kina hewa kavu zaidi, lakini kusi kwenu huvuma kutoka baharini na kuleta rasharasha ya chumvi, kwa hiyo mnara ufunikwe kwa maturubai upande wa bahari na kila sehemu iliyopulizwa ipakwe rangi ya msingi siku hiyo hiyo, kwa saa chache tu, kabla ya jua kushuka. Msipulize tangi zima halafu mkaanza kupaka kesho yake. Mkandarasi atalalamika kwamba kufanya kipande kwa kipande kunamchelewesha, na ni kweli kunamchelewesha.

*Kaka Fundi, mimi ni kijana nina kompresa ya gereji ya kujazia matairi na kupakia rangi magari. Nataka kununua tangi la kupulizia chembe nianze kufanya kazi za mageti na mashua za chuma. Itatosha?*
Kijana wa gereji, Wete

Mdogo wangu, haitatosha. Nozeli yenye tundu la robo inchi, ambayo ni ndogo, kwa shindo la bari 7 hula lita 2,300 hivi za hewa kwa dakika. Ile ya inchi tatu kwa nane, ambayo ndiyo ya kawaida viwandani, hula karibu lita 5,600. Kompresa nyingi za gereji hutoa lita 200 hadi 400. Utapuliza kwa nusu dakika, shindo litashuka, kisha utasimama kungoja lijae. Shindo likishuka kutoka bari 7 mpaka 5.5, kasi ya kazi hupungua kwa karibu theluthi moja, wakati chembe na mafuta unaendelea kuyatumia. Kompresa unayohitaji ni ile ya dizeli ya kuvutwa na gari, na kwa kuanzia ni afadhali uikodi.

Ukishaipata, tazama hewa yenyewe. Shika karatasi nyeupe au kitambaa cheupe mbele ya mdomo wa mpira, kwa umbali usiozidi sentimita 60, upulize hewa tupu kwa dakika moja. Kikitoka na doa la mafuta au unyevu, hewa hiyo itaupaka chuma uchafu huku wewe ukidhani unakisafisha. Katika joto na unyevu wa Pemba, kompresa isiyokuwa na kipoozeo na kitenganisha maji hutema maji mpaka chembe zikagandana ndani ya tangi, na hilo ndilo litakalokusumbua kila siku.

Mpira wa chembe uwe na tundu pana mara tatu au nne ya tundu la nozeli, na uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Nozeli pia huliwa. Ile ya inchi tatu kwa nane ikipanuka kwa milimita moja na nusu tu, mahitaji yake ya hewa hupanda kwa karibu asilimia 30, kwa hiyo ipime kila mara na usiione kuwa nzima kwa sababu bado inapuliza. Nunua zile za kabidi ya tangisteni hata kama ni ghali, kwani za kauri huisha haraka. Kila kiungo cha mpira kifungwe pini na waya wa usalama, na nozeli iwe na mkono unaokata upepo mara tu unapouachia. Usikubali kufanya kazi na nozeli isiyokuwa na mkono huo, wala usiufunge kwa waya ili upumzishe kidole. Mpira uliochomoka wenye shindo la bari 7, unaotema chembe, huweza kuua mtu.

Kwa mageti, ukweli ni kwamba mara nyingi huhitaji kupuliza. Grinda, brashi ya waya na msasa vikitumika kwa bidii hufikisha chuma daraja la St 3, ambalo ni la kusafisha bila ya kupuliza, katika kiwango kile kile cha ISO 8501-1, na zipo epoksi zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma kilichosafishwa kwa mkono. Ila usikisugue kwa brashi ya mashine mpaka kikawa laini kama kioo, maana rangi itakosa pa kushika. Malizia kwa msasa mkavu wenye chembe nene.

*Assalaamu alaykum. Sisi ni warithi wa nyumba ya zamani yenye baraza iliyoshikiliwa na nguzo za chuma cha kalibu, zimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka mpaka nakshi zake hazionekani. Fundi mmoja ametuambia atazipiga mchanga siku moja zikatoka mpya. Tukubali?*
Warithi, Mji Mkongwe

Wa alaykum salaam. Msikubali kwa haraka. Nguzo za chuma cha kalibu ni sehemu ya historia ya Mji Mkongwe. Zinazojulikana zaidi ni za Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash. Chuma cha namna hii ni kigumu lakini huvunjika kwa urahisi kuliko bamba la meli, na penye kutu ya muda mrefu huweza kuwa kimebaki umbo tu, chuma chenyewe kimekwisha kuliwa na kuacha kaboni nyeusi laini inayokwanguka kwa ncha ya kisu. Chembe za ganeti kwa bari 7 zitatoboa sehemu hiyo, zitafuta nakshi, na zitang'oa gundi na vijazio vilivyomo katika maungio, maji ya mvua yapate njia ya kuingia ndani ya nguzo.

Kuna na ukuta. Nyumba zenu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, vitu ambavyo mbele ya nozeli havisimami hata kidogo. Nozeli ikiteleza kwa sekunde chache itaacha shimo katika lipu.

Lililo zito zaidi ni rangi yenyewe. Tabaka za chini katika nguzo za umri huo huenda ni rangi nyekundu ya risasi, ambayo ilikuwa ndiyo kinga ya kawaida ya chuma. Kuipuliza kavu katika kichochoro cha Mji Mkongwe ni kuwatilia majirani risasi katika sahani zao. Kabla ya jambo lolote, ikwangueni kidogo mpaka chini mkaipime. Ikiwa ina risasi, itolewe kwa dawa ya kulainisha rangi na kukwangua kwa maji, huku kila kipande kikikusanywa kwenye nailoni. Kisha sehemu zenye kutu zisafishwe kwa mkono, na kama fundi mwenye uzoefu ataona lazima kupuliza, basi iwe kwa shindo dogo, chembe laini na nafuu, na ajaribu kwanza pahala pasipoonekana. Na kwa kuwa nyumba imo ndani ya eneo la urithi wa dunia tangu mwaka 2000, anzeni kwa kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Huenda wakakushaurini pia rangi ya kutumia.

*Fundi, mabomba ya galvanaizi ya uzio wetu hayashiki rangi, inabanduka kama ngozi ya nyoka. Tuyapige mchanga?*
Msomaji, Chake Chake

Yapulizeni, lakini kwa kuyapapasa tu. Zinki iliyo juu ya bomba ndiyo kinga yenu, na utando wake ni mwembamba. Mkipuliza kama mnavyopuliza chuma kitupu mtaumaliza kwa dakika chache. Shindo lisizidi bari 3, chembe ziwe laini na zisizo za chuma, kwa mfano ganeti ndogo, kwa sababu masalia ya chuma yakibaki juu ya zinki yatatoa kutu. Nozeli iwekwe mbali kidogo, kwa mshazari, na ipitishwe haraka bila ya kusimama. Mng'ao ukishageuka kuwa ufifi wa kijivu ulio sawa, kazi imekwisha. Yapanguseni vumbi, kisha mpake siku hiyo hiyo rangi ya msingi ya epoksi inayokubali zinki; zile rangi za mafuta za kawaida ndizo zilizokuwa zikibanduka, kwa sababu mafuta yake hukutana na zinki yakafanya aina ya sabuni chini ya rangi.

Uzio ukiwa mfupi, msikodi kompresa. Sugueni kwa pedi ngumu ya kusugulia na maji yenye amonia kidogo mpaka mng'ao upotee, mkoshe kwa maji matamu, muache yakauke kabisa, mpake.